Sifa ya Wawili Haigawanyiki

Wako wahakiki wa sinema waaminio kwamba mchezaji hupimwa peke yake, kama mkimbiaji apimwavyo kwa saa. Imani hiyo ni potovu, na picha za Barbara Stanwyck na Fred MacMurray zatosha kuibatilisha.

Katika Remember the Night (1940), Stanwyck ni mwizi wa madukani, na MacMurray ni mwendesha mashtaka amchukuaye hadi kwao Indiana kwa Krismasi, asimwache akae korokoroni. Penzi lachipuka, lakini mwanamke akataa kuokolewa kwa hila, akakiri kosa lake mahakamani. Miaka minne baadaye, katika Double Indemnity ya Billy Wilder, hao hao wamuua mume wa mwanamke ili wapate fedha za bima, kisha wapigana risasi wao kwa wao. Katika There's Always Tomorrow (1956), MacMurray ni mwenye kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto, aliyepuuzwa nyumbani mwake. Stanwyck amrudisha kwa mkewe, naye aenda zake.

Basi mwanamke yule yule ni wokovu, mauti na majuto ya mwanamume yule yule. Sura hazikubadilika, kilichobadilika ni jinsi watazamanavyo. Atazamwapo kwa huruma, Stanwyck hulainika. Atazamwapo kwa tamaa, hugeuka jiwe.

Watapinga wengine kwamba tofauti hiyo ni kazi ya mwandishi na mwongozaji. Ni kweli kwamba maneno si ya wachezaji. Lakini mwandishi huandika yasemwayo. Namna mtu asikilizavyo haiandikiki, na nguvu ya picha hizo imo katika kusikiliza.

Yafaa kukumbuka hukumu iliyotolewa. Double Indemnity ilipendekezwa kwa tuzo 7 za Oscar, isipate hata moja. Stanwyck alikuwamo miongoni mwa waliopendekezwa. MacMurray hakuwamo, wala hakupendekezwa kamwe maishani mwake. Mwaka 1982 Stanwyck alipewa tuzo ya heshima, na aliistahili. Lakini ubaya wa Phyllis ungemtisha nani, kama asingekuwapo Walter wa kuuamini na kuangamizwa nao?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuzo isifuyo nusu ya tendo haijapima uigizaji. Imehesabu nyuso tu.