Watafiti Chipukizi na Kiswahili cha Zama za Kati

Si ajabu kwa mwanafunzi wa uzamili katika idara ya Kiswahili kuambiwa kwamba historia ya lugha hii huanzia kwenye hati. Kwa kuwa hati ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728, nayo ni miongoni mwa hati kongwe zilizosalia, mada yoyote ya kabla ya hapo huonekana kuwa haina data. Mwanafunzi hushauriwa ageukie istilahi, tafsiri au uhakiki wa riwaya. Makala haya yanadai kwamba ushauri huo hauna msingi. Kinachokosekana si data, bali ni maandalizi ya mtafiti.

Kipindi kinachohusika ni kile cha tangu karne ya 10 hadi kuja kwa Wareno, walioishambulia Kilwa mwaka 1505. Ushahidi wake umetawanyika, lakini upo. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Aidha, kazi ya Nurse na Hinnebusch ya mwaka 1993 imeonyesha jinsi ulinganishaji wa Kiswahili na lugha nyingine za Sabaki, kama vile Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, unavyoweza kufichua sauti na maumbo ya kale hata pasipo hati.

Mfano mmoja watosha. Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, aliandika kwamba mfalme wa Zanji aliitwa kwa neno ambalo wengine hulisoma waqlimi na wengine waflimi. Katikati ya neno la Kiarabu, herufi fa na qaf zina umbo moja. Tofauti yake ni nukta moja au mbili. Anayesoma waflimi huliona humo neno wafalme. Anayesoma waqlimi hana budi kutafuta asili nyingine. Hata usomaji wa kwanza ukikubaliwa, maswali hayaishi. Kwa nini mtawala mmoja atajwe kwa umbo la wingi? Na je, sauti /l/, ambayo haimo katika umbo la kaskazini mfaume, yaeleza nini kuhusu wakati sauti hiyo ilipodondoshwa, au kuhusu mahali neno liliposikiwa? Mwanafunzi asiyejua Kiarabu hutegemea tafsiri za Kiingereza au Kifaransa, ambamo mfasiri amekwisha kuamua suala la nukta kwa niaba yake.

Upungufu huu una gharama. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani. Ilibainika kwamba wengi walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kike, pamoja na asili ya Kiasia, hususan ya Uajemi, hasa kwa upande wa kiume. Na kwamba mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000. Lakini vinasaba havisemi lugha. Kwa nini vizazi vilivyotokana na ndoa hizo vilishika lugha ambayo sarufi yake imebaki ya Kibantu? Hilo ni swali la mwanaisimu, naye akinyamaza, wengine watalijibu.

Yaweza kupingwa kwamba muda wa uzamili hautoshi kujifunzia Kiarabu. Ni kweli. Ndiyo maana yafaa Kiarabu cha kusomea hati kifundishwe tangu shahada ya kwanza, na tasnifu za aina hii zisimamiwe na wawili: mmoja wa isimu, mwingine wa akiolojia au historia. Wala mada haina haja ya kuwa pana. Neno moja, likifuatiliwa katika nakala zote za hati na katika lahaja zote, ni tasnifu kamili ya uzamili.