Rimoti Ile ya Botini

BARAZANI
Na Zuhura Makame

Jumanne nilipanda boti ya mchana kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, na kinyongo nilichoshuka nacho sijakitua hadi leo.

Kwenye televisheni waliweka Jhankaar Beats, filamu ya Kihindi ya kuchekesha ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Sujoy Ghosh. Nikafurahi, nikafungua na kashata zangu. Wimbo wa kwanza kuanza tu, kijana mhudumu akanyanyua rimoti akapeleka mbele. Nikasema amekosea. Wa pili, vilevile. Wa tatu nikainuka kitini.

"Mwanangu, mbona unaziruka nyimbo?"

"Zinachelewesha, mama. Watu wanataka stori."

Stori ipi? Hiyo filamu ni nyimbo! Deep na Rishi ni marafiki wanaofanya kazi kampuni ya matangazo. Mchana wanaumiza kichwa na tangazo la kondomu, baada ya kazi wanashika muziki. Kuna shindano la bendi la kila mwaka, nao wamekwisha kushindwa miaka miwili mfululizo. Mke wa Rishi amemfukuza nyumbani. Mke wa Deep, anayeigizwa na Juhi Chawla, ni mjamzito. Kinachowashikilia wasizame ni mapenzi yao kwa R.D. Burman, yule mtunzi wa muziki wa Sholay aliyefariki Januari 1994. Wanamtaja kama mwanafunzi amtajavyo sheikh wake. Toa nyimbo, unabaki na wanaume wawili wanapiga soga.

Na nyimbo zenyewe si za kubabaisha. Vishal na Shekhar waliozitunga walipewa kwa ajili yake tuzo ya Filmfare ya vipaji vipya vya muziki, tuzo yenye jina la Burman huyohuyo. Hizo ndizo kijana alizoziona zinamchelewesha.

Nina shangazi yangu Kikwajuni. Hajui Kihindi cha kuombea maji, lakini mwimbishe wimbo wowote aliousikia sinema ya Majestic pale Vuga, ataumaliza, na machozi juu. Aliupata kwa kukaa kitini mpaka uishe. Watunzi wetu wa taarabu nao walikaa, ndiyo maana mahadhi mangapi ya Kihindi tunayacheza harusini tukidhani yalizaliwa Ng'ambo ya Unguja.

Siku hizi hatukai. Simu zimetuzoesha vipande vya dakika moja, tukaona kilichozidi hapo ni adha. Nasema waziwazi: kumrukia mtu wimbo ni kumdhulumu, sawa na kumwalika taarabu kisha ukamzuia mlangoni hadi waimbaji wamalize.

Likafika shindano lenyewe, lile tulilolingoja filamu nzima. Jhankaar ni mlio, kama wa njuga miguuni, lakini sisi tuliona midomo tu ikienda mbio bila sauti. Kitoto kilichokaa jirani yangu kikamuuliza mama yake, "Wameshinda?" Mama hakujua. Nilitaka kumjibu, koo likanikaba.

Boti ikafunga gati. Tukakaa nusu saa tukingoja ngazi, mizigo mapajani, televisheni imezimwa.