Kompyuta ya Bei ya Kati Yaumudu Uhalisia Pepe, Lebo Yake Haitoshi

DARUBINI YA TEKNOLOJIA
Na Hamisi Mwinyikombo

Swali la kama kompyuta ya gemu ya bei ya kati inaweza kuendesha uhalisia pepe huulizwa kana kwamba jibu lake limefungiwa ndani ya sanduku la kompyuta yenyewe, na wauzaji wengi hulijibu kwa namna hiyo hiyo, kwa kumwonyesha mteja lebo ya "VR Ready", yaani "tayari kwa uhalisia pepe", iliyobandikwa ubavuni. Safu hii inashikilia kwamba kompyuta ya namna hiyo inaweza, na inaweza vizuri, ila uwezo huo hauthibitishwi na lebo. Unategemea jinsi mwenye kompyuta anavyoigawa nguvu aliyonayo kati ya mahitaji matatu yanayogombea nguvu hiyo hiyo, yaani kasi ya picha, ukali wake na mapambo yake, na unategemea pia kama anajua lipi kati ya hayo lisiguswe.

Uhalisia pepe ni teknolojia inayomvisha mtumiaji miwani yenye skrini na lenzi mbele ya kila jicho, pamoja na vihisio vinavyofuatilia mwendo wa kichwa na mikono, ili mandhari inayochorwa na kompyuta igeuke kila anapogeuka yeye. Kompyuta ya bei ya kati, kwa maana inayotumika hapa, ni ile yenye prosesa ya viini sita hivi, kumbukumbu ya gigabaiti 16, na kadi ya michoro, yaani kifaa kinachofanya hesabu za picha, ya daraja la RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021 kwa bei ya kuanzia dola 329 za Marekani, au RTX 4060, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 299.

Kinachoitofautisha kazi ya uhalisia pepe na ya gemu ya kawaida ni adhabu ya kuchelewa. Mwendo wowote kwenye skrini hutokana na picha tuli zinazofuatana kwa haraka, na kila moja ya picha hizo huitwa fremu. Fremu ikichelewa kwenye skrini ya mezani, mchezaji huona picha imekwama kidogo, akakereka na kuendelea. Fremu hiyo hiyo ikichelewa ndani ya miwani, ulimwengu mzima hubaki nyuma ya kichwa kilichokwisha kugeuka, macho yakatoa habari moja na sikio la ndani, ambalo ndilo kiungo cha mizani ya mwili, likatoa nyingine, na matokeo yake ni kizunguzungu na kichefuchefu. John Carmack, aliyejiunga na Oculus, kampuni ya miwani ya uhalisia pepe, mwaka 2013 akiwa mkuu wa teknolojia, ni miongoni mwa wahandisi walioshikilia kwamba muda kati ya kichwa kusogea na picha mpya kulifikia jicho usizidi takriban milisekunde 20, na ndani ya muda huo kompyuta haipati sehemu yote, kwa kuwa vihisio na skrini navyo huchukua fungu lao.

Kwa sababu hiyo miwani nyingi huonyesha fremu 90 kwa sekunde, na kompyuta hupewa milisekunde 11 tu kuikamilisha kila moja, ilhali gemu ya kawaida ya fremu 60 huiachia karibu milisekunde 17. Hapa ndipo wastani, kipimo kinachopendwa sana na matangazo, unapodanganya, kwani kompyuta inayotoa wastani wa fremu 100 kwa sekunde huenda ikawa na fremu kadhaa zinazochukua milisekunde 20 au zaidi, na ni hizo chache zinazomtibua mvaaji, wala hazifidiwi na zile nyingi zilizowahi.

Kuhusu wingi wa kazi yenyewe, hesabu iliyotolewa mwaka 2015 na Atman Binstock, msanifu mkuu wa Oculus, bado ni msingi mzuri. Skrini ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa 1080, yaani nukta za rangi zinazoiunda picha, ikionyesha fremu 60 kwa sekunde huhitaji pikseli zipatazo milioni 124 kila sekunde. Miwani ya Oculus Rift, yenye jumla ya pikseli 2160 kwa 1200 na fremu 90, ilihitaji milioni 233, na kwa kuwa lenzi huipinda picha hata ikabidi ichorwe kwa ukubwa zaidi kabla ya kunyooshwa, mzigo halisi ulifikia karibu milioni 400, zaidi ya mara tatu ya ule wa skrini ya mezani. Kutokana na hesabu hiyo Oculus ilipendekeza kadi ya GTX 970 na prosesa ya Core i5-4590, na Rift ilipoingia sokoni Machi 2016, kiwango hicho kilikuwa nje ya uwezo wa kompyuta nyingi zilizokuwa majumbani.

Kiwango hicho hakikudumu kuwa sharti. Oktoba 2016 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kiwango kipya cha chini, cha kadi ya GTX 960, na iliweza kufanya hivyo kwa mbinu ya programu, bila kubadili chochote katika miwani. Kompyuta inaposhindwa kutoa fremu 90, mbinu hiyo huiruhusu itoe 45 za kweli, kisha hulinganisha fremu mbili zilizotangulia ili kubuni ile inayopaswa kufuata, na kila fremu husahihishwa dakika ya mwisho kulingana na mahali kichwa kilipo. Kingo za vitu vinavyokwenda kasi huyumbayumba kidogo, lakini kichwa kikigeuka dunia hugeuka nacho. Tangu siku hizo ilikuwa wazi kwamba uwezo wa kompyuta katika uhalisia pepe si tarakimu moja isiyobadilika, bali ni mapatano kati ya kifaa, programu na mtumiaji.

Lebo, kwa upande wake, ilizaliwa katika zama za Rift na ikabaki na maana ya jumla huku miwani ikizidi kukua. Miwani ya Meta Quest 3, iliyotoka Oktoba 2023, ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho. Ikiendeshwa kwa fremu 90, skrini zake mbili pekee huonyesha pikseli zipatazo milioni 820 kwa sekunde, karibu mara saba ya skrini ya mezani iliyotajwa, kabla hata ya kuongeza mzigo unaotokana na lenzi. Mnunuzi anayeisoma lebo bila kujua ilipimwa kwa miwani ipi, kwa fremu ngapi na kwa gemu gani, anasoma ahadi isiyo na kipimo.

Hata hivyo, tarakimu hizo kubwa zisimvunje moyo mwenye kadi ya daraja la kati, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimu kuchora kila pikseli ambayo skrini inaweza kuionyesha. Programu za miwani kama Quest humruhusu mtumiaji kushusha idadi ya fremu hadi 72, hatua inayopunguza mzigo kwa asilimia 20, na pia kupunguza ukubwa wa picha inayochorwa. Picha ikichorwa kwa asilimia 80 ya upana na asilimia 80 ya urefu, pikseli hubaki asilimia 64 tu, na hatua hizo mbili zikiunganishwa, zile milioni 820 hushuka hadi milioni 420 hivi, ambazo hazipishani sana na mzigo wa Rift uliobebwa na GTX 970, kadi ambayo nguvu yake ni karibu nusu ya ile ya kadi za kati zilizotajwa. Picha hupoteza ukali kidogo, lakini haiyumbi.

Utaratibu wa kupunguza, basi, ni muhimu kuliko kiasi kinachopunguzwa. La kwanza kutolewa ni mapambo, kama vile vivuli laini na miakisiko ya maji, ambayo hugharimu sana na mvaaji huyasahau mapema. La pili ni ukali wa picha. Na uthabiti wa fremu haupaswi kuguswa. Anayeng'ang'ania fremu 90 zinazokatikakatika badala ya 72 zisizokosa amesahau kwamba heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi.

Aina ya gemu nayo huamua mengi. Beat Saber, ambayo mchezaji hukata vibao vinavyomjia kwa mdundo wa muziki, ina mandhari sahili na haiielemei kadi ya kati. Half-Life: Alyx, iliyotolewa na kampuni ya Valve Machi 2020 na ambayo hadi leo hutajwa miongoni mwa gemu bora za fani hii, ilitaja GTX 1060 kuwa kiwango chake cha chini, ushahidi kwamba ufundi wa watengenezaji unaweza kuishusha gharama ya uzuri. Kinyume chake, Microsoft Flight Simulator, iliyopata uhalisia pepe Desemba 2020, huzilemea hata kompyuta za bei ghali, kwa kuwa huchora dunia nzima pamoja na hali yake ya hewa. Mpenzi wa urubani ana sababu ya kuongeza fedha. Mpenzi wa muziki hana.

Baada ya kadi, udhaifu wa kompyuta ya kati hujitokeza mahali ambapo wanunuzi hawaangalii. Miwani ya Quest haipokei picha moja kwa moja kama skrini ya mezani. Kompyuta huibana picha kuwa video, huituma kwa kebo ya USB au kwa Wi-Fi, na miwani huifungua upya, hivyo kila hatua huongeza milisekunde zake. Anayetumia Wi-Fi anahitaji ruta ya masafa ya gigahezi 5 au zaidi iliyo chumba kimoja naye, na kompyuta iunganishwe na ruta hiyo kwa waya, vinginevyo atailaumu kadi kwa kosa la mtandao. Kompyuta mpakato zina tatizo la ziada, kwa kuwa kadi yenye jina lile lile hupewa umeme kidogo zaidi na hupozwa kwa shida. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako joto la kaskazi hupita nyuzi 30 ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi, kadi hupunguza kasi yake ili isiungue, na gemu iliyokwenda vizuri mwanzoni huanza kukatika baadaye. Tahadhari kama hiyo yawahusu wanaotia kadi mpya ndani ya kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, kwani nyingi zina pawasaplai, yaani kifaa cha kuigawia kompyuta umeme, iliyo ndogo na iliyopimwa kwa kazi za karatasi na hesabu.

Programu nayo inaweza kukibatilisha kifaa kizima. Miwani ya mfumo wa Windows Mixed Reality, ikiwemo HP Reverb G2 iliyosifiwa kwa ukali wa picha zake, ilipoteza msaada wa Microsoft kwa toleo la 24H2 la Windows 11 lililotoka mwaka 2024. Anayeikuta ikiuzwa kwa bei ya kutupa anapaswa kujua ni kwa nini imeshuka bei.

Wapo wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa miwani kama Quest 3S, iliyotoka Oktoba 2024 kwa takriban dola 300, ina prosesa yake ndani na haihitaji kompyuta kabisa. Hoja hiyo ina uzito kwa asiye na kompyuta, na kwake miwani pekee ndiyo ununuzi wa busara. Kwa aliye nayo tayari, miwani hiyo hiyo humfungulia pia gemu na programu ambazo prosesa yake ndogo haiwezi kuzibeba, Half-Life: Alyx ikiwa mfano ulio wazi, na humwezesha kuanza bila kubadili kadi aliyo nayo.

Kwa hiyo kinachohitaji kurekebishwa ni namna kompyuta zinavyouzwa, kabla ya kompyuta zenyewe. Lebo yenye manufaa ingetaja miwani iliyotumika kupima, idadi ya fremu zilizotunzwa bila kukosa, gemu iliyochezwa na muda uliochezwa, na mnunuzi ana haki ya kuyauliza hayo yote kabla ya kutoa fedha, na hata kutaka kompyuta iunganishwe na miwani na kuendeshwa mbele yake kwa nusu saa, muda unaotosha kwa joto kuanza kuzifichua kasoro. Muuzaji asiyeweza kujibu wala kuonyesha ameuza kompyuta ya gemu tu, na bei yake iwe ya kompyuta ya gemu tu.