Fimbo Inajenga Usugu, Sio Ustahimilivu

Makamanda, naomba leo tuache kidogo habari za uchaguzi tuongelee darasa.

Nilipoingia kidato cha kwanza kwenye shule ya kata, mwalimu aliuliza mmea unatengenezaje chakula chake. Jibu nilikuwa nalo tangu shule ya msingi. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikasema: usanisinuru. Darasa zima likacheka. Kosa langu lilikuwa kujibu kwa Kiswahili. Nikala viboko vitatu, nikakaa. Sikunyoosha tena mkono mpaka kidato cha pili.

Leo nasoma sheria, kwa hiyo nimerudi kuangalia kama mwalimu yule alikuwa na haki. Hakuwa nayo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinaruhusu viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito. Visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda kama shule haina. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Niambieni, nani kati yetu amewahi kukiona hicho kitabu? Na hakuna mahali kanuni zinaposema kukosea jibu ni kosa, achilia mbali kupatia kwa Kiswahili.

Najua mtakachosema: "Mbona sisi tulichapwa na tumesoma?" Sawa. Lakini hayo wanayasema waliobaki. Waliotoroka shule kwa kuogopa fimbo hawapo hapa kutujibu. Pia tumechanganya maneno mawili. Sugu ni mtu aliyeacha kusikia maumivu. Mstahimilivu anasikia maumivu, ila ana sababu ya kujaribu tena. Mimi kidato cha kwanza nilikuwa sugu. Nilinakili ubaoni, nikakariri, nikanyamaza.

Aliyenitoa huko alikuwa madam wetu wa Uraia. Alituacha tubishane kwanza kwa Kiswahili, halafu tunaandika hoja zetu kwa Kiingereza. Jibu lililokosewa aliliandika ubaoni bila jina la mtu, akauliza, "Huyu alikuwa anafikiria nini?" Tukawa tunatafuta pamoja njia ilipopotea wapi. Kukosea kukawa sehemu ya somo. Darasa letu lilikuwa limefurika kama mengine yote, na chaki ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hatukuogopa tena.

Simaanishi walimu ni maadui. Tangu 2016 ada imefutwa mpaka kidato cha nne, jambo jema, ila watoto waliongezeka kuliko walimu na madawati. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni anashika fimbo kwa sababu hajapewa kingine. Lawama ni ya serikali iliyomwacha hivyo.

Sasa Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe miaka 10. Sipingi. Ila mtoto unaweza kumlazimisha kuwepo darasani, huwezi kumlazimisha kujifunza. Kwa hiyo tudai mambo matatu: kanuni za viboko zifutwe, kama Kenya ilivyopiga marufuku adhabu hiyo kwenye Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya 2013, mwanafunzi wa sekondari aruhusiwe kuuliza na kujibu kwa Kiswahili, na walimu waajiriwe kulingana na idadi ya watoto waliopo.

Kwa nini hili ni letu? Kwa sababu mtoto aliyefundishwa kwamba kuuliza kunaleta fimbo, akikua anakaa kimya kwenye mkutano wa kijiji mapato na matumizi yanaposomwa. Watawala hawahitaji kumtisha. Alishatishwa akiwa na miaka 13.

Tusisubiri Bunge. Mikutano ya kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mitaa nayo ina mikutano yake. Ukihudhuria, nyoosha mkono uulize: kitabu cha adhabu cha shule yetu kiko wapi? Wakicheka, usikae. Uliza tena.

Mimi nimeshaanza kwetu. Tukutane huko.