BASARI IMFUATE YATIMA, SI YATIMA KUIFUATA BASARI

Wahenga walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, leo nataka kuwatetea wale wanaolea watoto wasiowazaa: nyanya, shangazi, wajomba na majirani wa hapa Hola na vijiji vya kando ya Mto Tana. Nawatetea pia hao watoto wenyewe, ambao tunakaa nao dawati moja.

Watu wengi wakisikia habari za mtoto asiye na wazazi, hufikiria makao ya watoto yenye lango na kibao. Lakini yatima wengi wa huku kwetu wanaishi kwa jamaa. Wako waliofiwa na wazazi kwa maradhi. Wako waliofiwa katika mapigano ya Tana Delta ya mwaka 2012 na 2013, ambapo watu zaidi ya 100 waliuawa. Aliyekuwa mtoto mchanga siku zile sasa yuko sekondari.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inayatambua malezi ya jamaa. Inatambua pia kafala, yaani ule utaratibu wa Waislamu wa kumchukua yatima na kumlea bila kumwondolea nasaba yake. Tena kuna mpango wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unaotaka watoto watoke kwenye makao, walelewe katika familia. Hilo ni jambo jema sana. Je, msaada nao umemfuata mtoto huko nyumbani?

Sisi wa shule za kutwa huambiwa kuwa tunasoma bure. Kiwango cha serikali tangu mwaka 2018 ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sawa, tunashukuru. Lakini nani hapa hajui kuwa chakula cha mchana na sare havimo? Hapo ndipo yatima anapokwama, na hapo ndipo anapoanza safari ya kutafuta basari.

Basari ya kaunti ina fomu yake, ya CDF ina yake. Kila mwaka ni fomu mpya, barua ya chifu, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya kifo vya wazazi. Na wale ambao makaratasi yao yalichukuliwa na mafuriko ya mwaka 2023 na 2024, wafanyeje?

Mimi mwenyewe nalelewa na nyanya yangu. Mwaka jana tulienda ofisi moja mara tatu. Mara ya kwanza karani hayuko. Mara ya pili fomu zimekwisha. Mara ya tatu tukaambiwa tulete tena cheti cha kifo cha baba, ilhali tulikipeleka nikiwa kidato cha kwanza. Nyanya akauliza, "Kwani mwanangu, amefufuka?" Watu kwenye foleni walicheka, lakini mimi sikucheka.

Maoni yangu ni haya. Serikali ina mpango wa kuwasaidia walezi wa yatima tangu mwaka 2004. Familia iliyoandikishwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, iwe ina yatima mmoja au watano. Basi majina tayari yako serikalini! Afisa wa watoto, kaunti na CDF wakae meza moja, watumie orodha moja. Mtoto akishathibitishwa kuwa yatima, basari imfuate mpaka amalize kidato cha nne, na ilipwe kabla ya muhula wa kwanza kuanza.

Wako watakaosema kuwa sekondari si kazi ya kaunti. Ni kweli, Katiba ya mwaka 2010 imeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ndiyo maana Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizikataza kaunti kutoa basari bila makubaliano na serikali kuu, na jambo hilo likafika mahakamani. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto yatangulie. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Wakubwa waandikiane hayo makubaliano yaishe.

Wengine watasema watu watadanganya, wajifanye yatima. Dawa yake ni rahisi: majina yasomwe kwenye baraza la chifu. Kijijini kila mtu anajua nani kafiwa na nani yuko na babake.

Na sisi wanafunzi tusikae tu kulaumu. Walezi wengi hawajui kusoma. Wanachama wa Chama cha Kiswahili twaweza kuwasaidia kujaza fomu, maana Kiswahili chetu kisiishie kwenye mashairi na midahalo tu. Tena tuache kumwita mwenzetu "mtoto wa basari". Basari si aibu. Aibu ni mtoto mwenye akili kukaa nyumbani akingojea sahihi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la yatima limekwisha kuuma kwa muda mrefu.