TAHARIRI: Mswahili Aliyewaigizia Wanazi



Ndugu Waislamu, kila ifikapo tarehe 27 Februari, mji wetu wa Songea huwakumbuka viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa akaomba radhi. Lisilotajwa sana ni kwamba walioshika bunduki za Mjerumani wengi walikuwa askari weusi, na Waislamu miongoni mwao hawakuwa wachache. Tunayemzungumza mwezi huu ni mtoto wa askari wa jeshi hilo.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Ulaya alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Katika Vita Kuu ya Kwanza, angali mtoto, aliingizwa jeshini. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakupewa. Akabaki huko, akawa mhudumu katika jumba la starehe, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na mwezi Januari 1933 akaoa mwanamke wa Kijerumani. Mwezi huo huo Hitler akashika madaraka.

Wanazi walihubiri kwamba mtu mweusi ni kiumbe duni. Hata hivyo, waliokuwa wakidai makoloni yarudishwe walihitaji uso mweusi wa kuwaonyesha Wajerumani kwamba Afrika inawatamani. Husen akawapa uso wake. Alivaa sare ya askari akahudhuria maandamano yao, akaigiza katika filamu zaidi ya ishirini. Mwaka 1934 aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Naye akaendelea kujipamba kwa nishani hadharani. Jambo hili linasikitisha kuliko hata zile filamu, kwa kuwa njaa humlazimisha mtu kufanya kazi asiyoipenda, lakini nishani haishibishi.

Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya mtumishi na msichana aliowanyonga kule Kilimanjaro. Wanazi wakamtakasa, na Husen akaigiza kama mkalimani wake mwaminifu.

Mwaka ule ule, mwezi Agosti, alikamatwa kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Uzinzi hatuutetei. Lakini hakukamatwa kwa uzinzi. Alikamatwa kwa rangi yake. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Allah amrehemu na amsamehe.

Kwa nini tuyaandike haya katika jarida la misikiti? Kwa sababu wenye siasa kali wa kila rangi na kila dini wana haja ile ile ya uso wa kukodi. Tangu Oktoba 2017, ng'ambo ya Mto Ruvuma katika jimbo la Cabo Delgado, kumekuwapo kundi linalochinja watu kwa jina la dini yetu. Mwaka 2020 vijana wa kundi hilo walionekana katika video wakiwa wameshika bendera na silaha, wakihutubia wanavijiji. Kijana anayesimama mbele ya kamera ile hudhani ameheshimiwa. Hajui kuwa waliomweka pale hawakuihitaji roho yake, bali sura na lugha yake, ili wanakijiji wamwone mtu wa kwao.

Sisi tunaojinasibu na islahi hatuna ruhusa ya kunyamaza, maana wanaowarubuni vijana hao hutumia maneno yanayofanana na yetu: tauhidi, sunna, jihadi. Katika Sura Hud, aya ya 113, tumekatazwa hata kuwaelekea waliodhulumu, seuze kuwavalia sare.

Tunawaomba maimamu wa Songea, Namtumbo, Tunduru na Mbinga waisomeshe habari ya Husen madrasani, kwa majina na miaka yake. Kijana akiulizia malipo aliyoyapata, aelezwe: mishahara ya jeshini hakulipwa, nishani hakupewa.