Sanduku la Fundi na Maneno ya Muuzaji

Masanduku ya zana ya zamani yamepata soko. Sanduku la seremala wa Kiingereza la karne ya 19, kasha la droo ndogondogo la fundi mashine wa Ohio, boksi la spana lililoshuka na kontena la mitumba: kila moja lina mtu wa kulitaka, na kila muuzaji ana maneno ya kulipamba. Maneno hayo si uongo mtupu. Mengi yanaanzia kwenye alama ya kweli iliyopo juu ya sanduku lenyewe. Tatizo ni kwamba alama nyingi husema jambo moja tu, kuwa sanduku halikutengenezwa kabla ya mwaka fulani. Muuzaji huichukua hiyo "si kabla ya 1935" akaigeuza "ni la 1935", na mnunuzi akalipia umri ambao sanduku halina. Haya hapa ndiyo madai ninayoyasikia mara kwa mara, na majibu yake.

"Namba ya hataza ipo hapa kwenye komeo, kwa hiyo mwaka unajulikana."

Unaojulikana ni mwaka wa hataza. Marekani ilitoa hataza namba 1,000,000 mwaka 1911, ya 2,000,000 mwaka 1935 na ya 3,000,000 mwaka 1961, hivyo namba yoyote iliyopigwa kwenye bati unaweza kuikadiria papo hapo, umesimama mbele ya meza ya muuzaji. Lakini mwaka huo ni wa mvumbuzi kupewa haki yake. Haki yenyewe ilidumu miaka 17 tangu siku ya kutolewa, na kiwanda kilikuwa na kila sababu ya kuendelea kupiga namba ileile muda wote huo. Hata baada ya hapo, kalibu ya chuma ni ghali, na hakuna mwenye kiwanda atakayeitupa kwa sababu ya mstari mmoja wa herufi ndogo. Komeo lenye namba ya 1935 halishangazi likikutwa kwenye sanduku la 1950.

Kuna swali la pili ambalo wengi hawaliulizi: hataza ni ya nini? Mara nyingi ni ya komeo au kitasa tu. Corbin wa New Britain na Eagle wa Terryville, wote wa jimbo la Connecticut, waliwauzia vitasa watengeneza masanduku, watengeneza madawati, na maseremala waliojiundia makasha yao nyumbani. Kumtaja Eagle kuwa ndiye aliyetengeneza sanduku ni sawa na kusema gari limeundwa na kampuni ya matairi. Faida moja ipo, nayo ni namna alama ilivyoandikwa. Kabla ya 1927 ilikuwa desturi kupiga tarehe ya hataza. Mwaka huo sheria ya Marekani ikataka namba. Kwa hiyo tarehe kamili iliyopigwa kwenye bamba la kitasa huashiria muundo wa zamani zaidi ya ule wenye namba. Muundo wa kitasa, narudia.

"Limeandikwa Craftsman, basi limetengenezwa na Sears."

Sears, Roebuck walikuwa wauzaji. Jina la Craftsman walilisajili mwaka 1927, kisha wakawa wanaagiza masanduku kwenye viwanda vya watu wengine na kuyabandika jina hilo. Kiwanda kilichojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Waterloo Industries. Tazama namba ya modeli: tarakimu tatu zinazotangulia nukta ni za kiwanda, na 706 ni ya Waterloo.

Stika nayo ina la kusema, iwapo haijabanduliwa. Anwani yenye tarakimu moja au mbili baada ya jina la mji, mfano "Chicago 7", ni ya kati ya 1943, posta ya Marekani ilipogawa miji mikubwa kwa kanda, na 1963, tarakimu tano zilipoanza. Ukikuta tarakimu tano, acha kabisa habari za vita vya pili vya dunia.

"La mbao ni la zamani kuliko la chuma."

Hapana. H. Gerstner & Sons walianza Dayton, Ohio, mwaka 1906, na makasha ya mbao ya mafundi mashine wanayatengeneza hadi leo. Kennedy, wa Van Wert katika jimbo hilohilo, walianza 1911 na wakajulikana kwa chuma chenye rangi ya kahawia iliyojikunja. Kwa hiyo kasha la mwaloni linaweza kuwa la juzi, na la chuma lililo pembeni yake likawa na umri wa babu yako. Kwa Gerstner soma bamba hadi mwisho: neno "International" likifuata jina, hilo ni toleo linalotengenezwa China.

"Viungo vyake ni vya mkia wa njiwa, vimekatwa kwa mkono, kwa hiyo ni la karne ya 19."

Hapa dai lina nusu ya ukweli, na inafaa kuinama na kutazama kwa karibu. Kiungo cha mkia wa njiwa ni pale mbao mbili zinapokutana kwenye kona na kushikana kwa meno yanayotanuka. Yaliyokatwa kwa msumeno na patasi hayalingani sawasawa; vipini vinavyoingia kati ya mikia ni vyembamba, wakati mwingine ncha yake haizidi upana wa msumeno wenyewe. Chini ya meno utaona mstari mwembamba uliokwaruzwa kukata nyuzi za mbao, alama ambayo fundi alijiwekea ili asipitilize patasi. Ya mashine yana upana mmoja, nafasi moja, na mara nyingi mgongo wa jino la ndani una mviringo wa kekee.

Sasa, kwamba mkono umekata, sawa. Umekata lini? Viwanda vilianza kutumia mashine za viungo hivyo katika nusu ya pili ya karne ya 19, lakini mkono haukusimama. Vyuo vya useremala bado vinafundisha kiungo hicho. Mwaka 2011 Christopher Schwarz alitoa kitabu The Anarchist's Tool Chest, na wapenzi wa useremala wengi wakajiundia masanduku ya mtindo wa Kiingereza kwa msumeno na patasi, wakayapaka rangi ya kizamani. Yakipigwapigwa kidogo na kuachwa gereji, yatamdanganya asiyejua. Sitashangaa yakiuzwa siku moja kama mali ya seremala wa enzi za Malkia Victoria.

Kwa hiyo usimalizie kwenye meno. Fungua skrubu moja ya bawaba, kwa ruhusa ya mwenyewe. Skrubu za mbao zenye ncha kali zilienea baada ya hataza ya 1846 huko Marekani. Kabla yake zilikuwa butu mwishoni. Kichwa chenye msalaba ni cha miaka ya 1930 kwenda mbele, maana Henry Phillips alipata hataza zake 1936. Kisha chunguza tundu. Skrubu mpya kwenye tundu lenye kivuli cha kichwa kikubwa zaidi ina maana bawaba imebadilishwa, na hapo skrubu hiyo haina ushahidi wa kutoa, si wa uzee wala wa upya.

"Masanduku ya mafundi wa zamani yote yalikuwa kama la Studley."

Picha ya sanduku la Henry O. Studley imeharibu macho ya watu. Studley, aliyefariki 1925, alikuwa fundi wa ogani na piano huko Quincy, Massachusetts. Alitengeneza kasha la mahogani la kutundika ukutani, na ndani yake akapanga zana karibu 300, kila moja katika kishikilio chake, kwa mapambo ya pembe na lulumizi. Limewahi kuonyeshwa kwenye jumba la Smithsonian. Ni kazi ya mtu mmoja aliyetaka kuonyesha anachoweza. Sanduku la kawaida la seremala lilikuwa la msonobari, nje limepakwa rangi nyeusi au ya kijani kwa sababu lingesukumwa, lingekaliwa na kupakiwa kwenye mkokoteni. Uzuri, kama upo, uko ndani ya kifuniko na kwenye trei za kuteleza. Nje kukiwa maridadi kupita kiasi, mimi huanza kushuku.

"Lina herufi za reli, ni la enzi za ujenzi wa Reli ya Uganda."

Reli hiyo ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu 1901. Vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wakiwemo maseremala na wahunzi wa Kipunjabi, kwa hiyo masanduku ya zana yalikuwepo kwa hakika. Ila soma herufi zenyewe. U.R. ni Reli ya Uganda. Katikati ya miaka ya 1920 jina la Kenya likaingia, ikawa K.U.R., na bandari zilipojumuishwa ikaongezwa H. Mwaka 1948 iliunganishwa na reli ya Tanganyika, ikazaliwa E.A.R.&H. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli, H ikaondoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikabaki na reli yake, na Uganda ikapata tena sababu ya kuandika U na R juu ya mali yake. Mtu akikuonyesha herufi hizo mbili peke yake, mwulize ni za kipindi kipi.

E.A.R.&H. ni nadra kwa kuwa ina mwanzo na mwisho: 1948 hadi 1969. Lakini hata hapo, herufi zinaeleza lini sanduku lilikuwa mali ya shirika. Sanduku la karakana lililonunuliwa miaka ya 1930 halikutupwa 1948. Lilipakwa rangi na kupigwa herufi mpya. Chukua tochi ya simu, iweke karibu kabisa na ubao ili mwanga upite kwa ubavu. Herufi za zamani, kama zipo, zitajitokeza kama miinuko midogo chini ya rangi ya juu. Anayetaka kuzoesha jicho maandishi ya vipindi hivyo aende Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971.

Herufi P.W.D. nazo husifiwa sana, bure. Idara za Ujenzi za kikoloni ziliitwa hivyo Kenya, Tanganyika, Uganda, India na kwingineko kwingi. Penye mshale mpana wa Serikali ya Uingereza hali ni nzuri zaidi, kwa kuwa masanduku ya jeshi mara nyingi yalipigwa mwaka na alama ya kiwanda pamoja.

"Toa kutu, piga rangi mpya, bei itapanda."

Itashuka, na ushahidi wote niliouzungumzia utaondoka na msasa. Ile rangi ya Kennedy iliyojikunja haiigwi kwa brashi. Ilipatikana kwa rangi ya aina yake, ikikauka juu mapema kuliko chini ndipo ikakunjamana, na ukishaisugua hadi bati huwezi kuirudisha kwa kopo la dukani. Kwa mbao ni hivyohivyo. Rangi ya juu ina herufi, jina la mwenye sanduku lililopigwa kwa patasi za herufi, na weusi wa mikono kwenye ukingo wa kifuniko, mahali hasa fundi alipokuwa akishika kila asubuhi. Hizo ndizo mkusanyaji anazozitafuta.

Kutu inayokula bati isimamishwe: mafuta mepesi, kitambaa, brashi laini ya shaba, subira. Zaidi ya hapo ni kuharibu. Na kuna jambo la afya. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978 tu, kwa hiyo sanduku lolote la kabla ya hapo lichukulie kuwa nayo. Kulisugua kavu kibarazani watoto wakicheza karibu ni hatari.

"Zana zilizomo ndani ni za mwenyewe wa kwanza."

Mara chache sana. Zana huuzwa moja moja kwa bei nzuri, na sanduku tupu hujazwa chochote kilichokuwepo ili lionekane hai. Yaliyobaki kamili kwa ushahidi yanahesabika. Moja liko Guildhall Museum, Rochester, Kent: baba yake Benjamin Seaton alimnunulia zana kwa Christopher Gabriel wa London Desemba 1796, kijana akaunda sanduku la kuzitia mwaka 1797, na orodha ya zana pamoja na bei zake ikahifadhiwa. Zana hizo hazikufanyiwa kazi sana, ndiyo maana zipo. Jingine ni la kisiwa cha Gotland, Sweden, lililotolewa ardhini na jembe la mkulima mwaka 1936 huko Mästermyr, mahali palipokuwa kinamasi: kasha la mwaloni la zama za Waviking, likiwa na vitu zaidi ya 200 vya fundi wa chuma na mbao.

Kwa sanduku lisilo na orodha, toa zana zote na utazame sakafu ya trei na kitambaa cha droo. Kila chombo kilichokaa mahali pamoja miaka mingi huacha umbo lake: doa la mafuta la mviringo, mfereji wa mpini, mraba uliobaki na rangi yake ya kwanza wakati pembeni pamefifia. Jaribu kurudisha kila zana kwenye umbo lake. Randa isiyopata pa kukaa imeletwa baadaye, na bei yake ijadiliwe kando na ya sanduku.